Hotpoti za Majirani

Alhamisi, 10 Julai

Siku ya sita mimi ndiye mpishi. Ugali umetoka na madonge tena. Nilimwaga unga wote kwa mara moja, nikaanza kupigana nao. Mjukuu wangu Neema, ana miaka kumi, aliyachambua madonge yake akayapanga ukingoni mwa sahani. Afadhali angecheka.

Niandike vizuri. Miaka thelathini na moja ya kazi ya reli nimeandika kitabu cha zamu, sikuwahi kuacha mstari. Mke wangu, Mama Daudi, ana henia ya kitovu, uvimbe unaotoka na kurudi. Daktari amemkataza kunyanyua kitu kizito, kuchota maji, kusonga ugali. Atapasuliwa, lakini si sasa. Ana kilo tisini na nne na presha iko juu. Ashuke kwanza hadi themanini na nane, presha itulie, ndipo aingie kwenye orodha. Kurudi ni tarehe 14 Agosti. Kisha daktari akanigeukia mimi: uvimbe ukiwa mgumu na kukataa kurudi ndani, msingoje tarehe. Mje mbio. Utumbo ukinasa humo unaoza, na mtu anakwenda nao.

Dada wa lishe akanipa karatasi. Nusu ya sahani mboga za majani. Robo ugali, usizidi ngumi. Robo maharage, au samaki, au kuku bila ngozi. Mafuta kijiko kimoja kwa mtu. Chakula cha jioni kiwe chepesi na kiliwe mapema. Na nyumba nzima ile hivyo hivyo, maana mgonjwa akitengewa chungu chake atajiona mfungwa. Mama Daudi aliitikia kwa kichwa. Hatujafika hata getini ameshaniambia karatasi ile imeandikwa na mtu asiyejua jembe.

Binti yetu, mama yake Neema, yuko kazini Dodoma. Daudi hajaoa. Nimebaki mimi na mwiko.

Ijumaa, 11 Julai

Majani ya maboga, choroko, ugali wa mtama. Ugali ukazua mjadala. Ngumi, sawa, lakini ngumi ya nani? Daudi akaweka yake mezani. Anaendesha bodaboda siku nzima, ngumi yake ni tofali. Mama Daudi akaweka yake juu ya ya Daudi. Neema naye akaweka. Nikasema kila mtu na ngumi yake. Daudi akala ngumi yake mara tatu, akatoka. Amerudi ananukia chipsi.

Madumu mawili ya mafuta ya alizeti yako chini ya kitanda. Ya shamba letu, tumekamua mwezi uliopita. Kwetu mafuta hayajawahi kupimwa, yanamiminwa mpaka mboga ing'ae. Mama Daudi anasema mafuta ya kununua ndiyo yanayonenepesha, ya kukamua mwenyewe ni kama maji. Nilipompinga akaniuliza nimesomea wapi.

Nilipima kwa kijiko. Vijiko vinne kwa watu wanne. Mboga ilikuwa na rangi ya koti la mvua lililochakaa.

Jumapili, 13 Julai

Tumepima. Nilitaka twende kwa mnunuzi wa mazao, ana mizani kubwa na ananifahamu. Mama Daudi akasema yeye si gunia la alizeti. Tukaenda duka la dawa. Akavua viatu, akavua kitenge cha juu, akavua hereni. Tisini na tatu na nusu.

Nusu kilo. Ningekuwa na filimbi yangu ya kazini ningeipuliza pale pale dukani. Yeye alivaa hereni zake kimya kimya. Nikadhani ni uchovu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimepata njia. Dagaa waliooshwa vizuri, wakachemshwa na nyanya nyingi, kitunguu, karoti, ndimu, pilipili moja nzima bila kupasuliwa. Mafuta kijiko kimoja tu mwanzoni. Kabichi pembeni, isiive sana. Harufu yenyewe ilishibisha. Daudi alisema, "Mzee, leo umejitahidi," na hakutoka. Neema aliramba vidole. Nilifurahi kupita kiasi, ninakiri.

Tukiwa bado tumekaa, Mama Hamisi wa nyumba ya pili akabisha hodi. Ameshika hotpoti nyekundu. Alinisalimu, akampa pole Mama Daudi, kisha akanipa pole mimi pia, kwa sauti ya msibani. Jiko langu liko uani na ukuta wetu ni mfupi. Mtaa mzima unaniona nikikoroga.

Ndani kulikuwa na pilau. Kuku mzima na ngozi yake.

Huwezi kukataa. Aliyekuja kumwona mgonjwa na chakula, ukimrudishia, umemtukana yeye na mama yake. Nilishukuru. Mama Daudi akala kidogo, kwa heshima. Kidogo hicho nilikiona. Kilikuwa ngumi tatu.

Jumatano, 16 Julai

Mama Hamisi amefungua mlango na wengine wameingia. Jana mama wa mashine ya kusaga alileta wali na maharage ya nazi. Leo mke wa fundi baiskeli ameleta viazi vya kukaanga na mishikaki. Wote wana maneno yale yale. Poleni. Tunamwona baba anavyohangaika. Mwanaume na moshi wapi na wapi.

Ninahangaika kwa sababu yao.

Halafu kuna jambo la vyombo. Hotpoti ikija na chakula hairudi tupu. Mama yangu alikuwa hivyo, mama yake pia, mtaa wote uko hivyo, Waislamu kwa Wakristo. Sasa nina hotpoti tatu mezani zinaningoja. Nikizijaza choroko yangu ya kijiko kimoja cha mafuta, kesho yake watasema kweli nyumba ile ina njaa, na zitakuja sita.

Ijumaa, 18 Julai

Nimefanya ujinga. Nimekaanga maandazi. Bakuli kubwa, mafuta yetu ya alizeti mpaka yakafika katikati ya karai, sukari, hiliki. Nikajaza hotpoti tatu, nikazipeleka mwenyewe moja moja. Sifa nilizopata ni nyingi kuliko za siku niliyostaafu.

Kwa hiyo jioni moja nimepika mara mbili. Chakula chepesi cha nyumbani na chakula kizito cha kuwarudishia wanaotuletea chakula kizito. Nyumba nzima inanuka maandazi na mezani kuna mchicha. Mama Daudi alisema ameonja mawili tu kuangalia kama sukari imekolea. Ilikuwa imekolea.

Najiona mpumbavu. Sijui nilipaswa kufanya nini kingine.

Jumapili, 20 Julai

Tisini na nne.

Jumanne, 22 Julai

Nimeandika ratiba ya wiki, nikaibandika ukutani. Jumatatu dagaa na kabichi. Jumanne supu ya kuku, mafuta yameenguliwa juu, na viazi vitamu viwili vidogo. Jumatano kunde na mlenda bila karanga. Alhamisi mayai na nyanya na mchicha. Ijumaa maharage na maboga. Chakula mezani saa kumi na mbili na nusu, hakisubiri mtu.

Leo supu ilikuwa nzuri kweli. Kuku wa kienyeji hahitaji kusaidiwa, tangawizi tu na muda. Daudi ameacha chipsi, ameniambia bila kuulizwa. Suruali yangu ya kazi inanipwaya. Mwalimu wa Neema kasema mtoto halali tena darasani.

Nyumba nzima inakwenda vizuri, isipokuwa mtu mmoja ambaye ndiye tuliyeanza kwa ajili yake.

Hotpoti leo mbili. Makande ya siagi ya karanga. Chapati saba.

Alhamisi, 24 Julai

Nilijaribu kusema naye. Nikamwambia Mama Daudi, wakija waambie daktari amekataza. Akasema wewe mwenye nyumba ndiye useme. Nikasema wewe ndiye mgonjwa. Akaniangalia. "Basi mimi mgonjwa nile kwa amani." Akajilaza upande.

Nikaenda kuosha sufuria.

Jumapili, 27 Julai

Nimejaribu kwa njia ya kanisa na nimeharibu zaidi. Baada ya ibada nilimfuata mzee wa kanisa. Sasa huwezi kumwambia mtu moja kwa moja kwamba watu wanatusumbua kwa kutupa chakula. Utaonekana una kiburi. Nikazunguka. Nikasema, mzee, nyumbani kwangu mambo ya chakula cha jioni yamekuwa magumu, mama anahitaji chakula cha aina yake, sisi peke yetu hatuwezi, kanisa litusaidie kwa busara. Nilidhani nimeeleweka. Akanishika bega kwa mikono miwili.

Akarudi ndani kabla watu hawajatawanyika. Akatangaza kwamba familia ya Baba Daudi ina uhitaji wa chakula cha jioni, kina mama wajipange kwa zamu. Wakajipanga pale pale, kwenye karatasi. Mimi nimesimama mlangoni na kofia mkononi, watu wananipa pole. Mmoja alinifuta vumbi kwenye koti.

Duka la dawa: tisini na tano. Mwenye duka akatazama mizani, akanitazama mimi, akaenda kupanga dawa za kikohozi.

Jumatano, 30 Julai

Zamu zinafanya kazi vizuri kuliko treni zilivyowahi kufanya kazi. Saa kumi na moja na nusu jioni, hodi. Kila siku. Wali wa kukaanga, nyama ya mbuzi, ndizi za nazi, na asali chupa nzima kutoka kwa mtu wa porini. Asali eti haina madhara, ni dawa. Mama Daudi anaiweka kwenye chai vijiko vinne na kusema anakunywa dawa.

Napika ratiba yangu hata hivyo. Naweka mezani. Sisi watatu tunakula. Yeye anagusa mboga, anasifu, anasema imekosa chumvi kidogo, kisha anafungua hotpoti. Kwa heshima ya walioleta.

Nimemkasirikia. Nimekasirikia mtaa. Nimemkasirikia hata mtu aliyevumbua hotpoti. Ikifunguliwa usiku chakula bado cha moto kama kimetoka jikoni sasa hivi. Wali ukipoa angalau mtu anaweza kuuacha.

Jumapili, 3 Agosti

Hatukupima. Alisema miguu inauma. Sikulazimisha. Nilifarijika, ndiyo ukweli. Namba nyingine sikuitaka.

Jumanne, 5 Agosti

Hofu kubwa leo. Alikula kwa wingi, ugali wa zamu na nyama ya ng'ombe, kabla hata sijaepua choroko yangu, niliyoiweka badala ya supu ya ratiba. Baada ya robo saa akaniita. Sauti ndogo. Uvimbe ulikuwa umetoka wote, mgumu, ngozi imevutika inang'aa. Alikuwa anatoka jasho na akatapika kwenye beseni. Daudi akawasha pikipiki, nikamwambia huwezi kumpakia mama yako na hali hii kwenye pikipiki, tafuta gari. Akakimbia. Neema alishika miguu ya bibi yake akawa anaipapasa tu.

Nikamlaza chali, magoti juu, kama daktari alivyotuonyesha. Sikujua kitu kingine. Nikaweka kiganja juu ya uvimbe bila kukandamiza, nikangoja. Miaka yangu yote nimefanya kazi ya kungoja, najua kungoja, lakini siyo hivi. Kama dakika ishirini. Kisha ukalainika taratibu chini ya mkono wangu, ukarudi. Akapumua. Gari lilipofika akakataa kupanda. Akasema imeisha. Nikambembeleza, Daudi akambembeleza na kulia. Mtu mzima wa kilo tisini na tano asiyetaka kupanda gari hapandi.

Choroko iliungua chini. Tukala hivyo hivyo.

Jumatano, 6 Agosti

Wamesikia alitapika. Wameleta uji wa maziwa na samli. Lita tano.

Jumapili, 10 Agosti

Siendi tena kumwambia mtu yeyote chochote. Nikisema, hotpoti zinaongezeka. Nikinyamaza, zinakuja. Napika, naweka mezani, naondoa. Leo ilikuwa mboga ya mnavu na mayai, nzuri sana, uchungu kidogo kama ninavyopenda. Nilikula sahani yangu na yake.

Alhamisi, 14 Agosti

Kliniki. Tisini na sita. Presha juu kuliko mara ya kwanza.

Daktari hakugomba. Ningependa angegomba. Alisoma karatasi, akauliza jioni mnakula nini. Nikatoa ratiba yangu mfukoni, nimeikunja mara nne, nikamsomea yote. Dagaa, kabichi, supu iliyoenguliwa. Akasema ni nzuri sana, angependa kuwaonyesha wengine. Halafu akamtazama Mama Daudi. Mama Daudi alikuwa anatazama dirisha.

Hawezi kumweka kwenye orodha hivi. Dawa ya usingizi na presha ile ni hatari. Turudi tarehe 11 Septemba. Akarudia yale ya kunasa, polepole, kama kwa watoto. Nilimweleza ya Jumanne ile. Akaweka kalamu chini. "Mzee, safari ile mlibahatika. Ikitokea tena, mbebeni hata kama anakataa."

Nilipotoka nilikuwa na hasira mpaka sikuweza kufunga kifungo cha koti. Mama Daudi kwenye benchi la nje alikuwa anaongea na mama mwingine na anacheka. Anacheka. Sikumwelewa hata kidogo.

Jumamosi, 16 Agosti

Sasa nimeelewa.

Nilipeleka hotpoti nyekundu kwa Mama Hamisi asubuhi. Ilikuwa na mihogo, nimechoka na maandazi. Akaipokea, akaniambia mwambie mwenzio wali wa kesho nitazidisha karanga kama alivyoagiza.

Nikamuuliza, alikuagiza lini?

Akaona amekosea. Mama Hamisi ni mtu mwema, uongo haumkai usoni. Akanisogeza pembeni ya mlango. Alisema Mama Daudi aliwaita yeye na mama wa mashine ukutani, asubuhi nikiwa sokoni, wiki ile ya kwanza kabisa. Akawaomba. Alisema chakula changu hakimpiti kooni, wamsaidie cha jioni, na wasiniambie ili nisione aibu. "Tukaona tukustahi, Baba Daudi. Mwanaume anapika kwa moyo wote, utamwambiaje?"

Wiki tano mtaa mzima ulikuwa unanitunzia heshima yangu. Nilimshukuru. Sikujua nifanye nini kingine na mdomo wangu.

Sikurudi nyumbani. Nilikaa stesheni mpaka mchana kwenye benchi la abiria. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia. Mabaya, karibu yote.

Nilirudi nayo nyumbani. Nilipika maharage. Hotpoti ya zamu ilikuja, nikaiweka mbele yake mimi mwenyewe na kijiko juu yake. Aliniangalia kwa muda. Nadhani alijua.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Neema alikwenda na Daudi. Nilimkuta Mama Daudi uani anachambua mchele ambao hakuna aliyemwambia achambue. Nikakaa kwenye ndoo. Nikasema nimeongea na Mama Hamisi.

Hakukana. Akaendelea na mchele. Nikamuuliza kama chakula changu ni kibaya kiasi hicho. Akasema hapana. Akasema dagaa wale wa ndimu hata mama yake hakuwahi kupika vile. Basi nini? Kuku wakala chuya zote miguuni pake.

"Nikipungua, wataniita."

Ndivyo alivyosema. Nilimwomba arudie, sikuamini. Siku ile nimefurahia nusu kilo, yeye aliona mlango wa chumba cha upasuaji umesogea. Akaenda ukutani asubuhi yake. Amekula wiki tano ili asifike themanini na nane. Wali mwingine aliula bila hata njaa, alisema, kama mtu anayekunywa kwinini.

Kisha akaniambia habari ya dada yake Ruth. Tangu hapo hakusema Kiswahili tena, alisema Kinyaturu, na mimi Kinyaturu changu ni cha ukweni, lakini nilishika yote. Ruth aliingia kupasuliwa anatembea kwa miguu yake, amejifunga khanga mpya, anawatania wauguzi. Hakuamka. Haya nilikuwa nayajua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba nje ya mlango ule alikuwepo mke wangu peke yake. Kutwa nzima. Viatu vya Ruth kwenye mapaja. Hakuna aliyetoka kumwambia kitu mpaka jioni, na aliyetoka alimuuliza kwanza kama yuko na mwanaume wa kusaini.

Mimi nilikuwa zamu, stesheni ya mbali. Nilifika kaburi limeshafukiwa. Siku ile kwenye kitabu cha zamu lazima niliandika kama siku zote: njia salama. Na tangu siku ile, miaka kumi na tisa, sijawahi kumuuliza nani alikuwa pale mlangoni. Sikuwahi. Tumelea watoto, tumelima, tumelala kitanda kimoja, na sikuuliza.

Nilitaka kumwambia asiogope. Neno lenyewe lilionekana la kitoto. Nilimwambia daktari kasema ikinasa ni kifo. Akasema anajua. Akasema cha kunasa kitakuja chenyewe, hakuna atakayemwita jina aingie.

Sijui la kumfanya mtu anayefikiri hivyo. Hakuna ratiba ya ukutani kwa jambo hilo. Nilichukua ungo, nikamalizia mchele.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimepika dagaa wa ndimu. Zamu ilileta pilau. Nikaweka vyote viwili katikati ya meza, sikusema kipi ni cha nani. Akala pilau. Nami nikala pilau. Tamu sana, miezi sijaonja. Daudi na Neema walitutazama kama watu waliopoteza akili.

Sijamwambia Daudi. Angemgombeza mama yake, na mama yake angemwacha agombe.

Namwogopea. Niandike hapa kwa sababu siwezi kusema. Namwogopea kwenye kile kitanda cha magurudumu na namwogopea kwenye kitanda chetu. Wiki zote hizi nilidhani kazi yangu ni vijiko vya mafuta.

Jumatano, 20 Agosti

Hodi haikusikika. Saa kumi na mbili, hakuna. Saa moja kasoro, hakuna. Nikadhani zamu wamesahau. Nilipouliza, Mama Daudi akasema asubuhi aliongea na Mama Hamisi ukutani. Waliongea nini hakusema, nami sikuuliza. Kisha nikajishika. Nikamuuliza. Akasema, "Mambo ya wanawake." Basi angalau niliuliza.

Alikula mboga nusu, ugali nusu. Akaacha. Hakuwa na hamu.

Nilimweleza nitakavyopanga akiitwa. Daudi atabaki na Neema. Mimi nitakuwa naye. Alinisikiliza kama anavyosikiliza redio akiwa na kazi nyingine.

Alhamisi, 21 Agosti

Kunde mbichi na maboga, kipande cha samaki wa kuchoma, ugali wa mtama. Ugali umetoka laini, hauna donge hata moja. Upepo umeacha, tumekula uani. Daudi alimaliza mapema akaenda kuosha pikipiki. Neema alikuwa anasoma kwa sauti shairi la shule.

Mama Daudi hakuanza kula. Aliweka mikono juu ya tumbo, pale penyewe, kama mtu aliyeshika mlango. Akauliza bila kunitazama kama nitakuwa pale nje. Nikasema nitakuwa. Akasema hata wakichelewa. Nikasema hata wakichelewa.

"Usiende hata kununua chai."

"Siendi."

Neema alikosea mstari, akaurudia tangu mwanzo. Mama Daudi akavuta sahani, akamega ugali, akachovya. Alikula taratibu, akamaliza kilichokuwepo, hakuuliza kama kuna kingine. Nikamshikia jagi akanawa.